Kidonge Kisicho na Maelezo

Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua wananchi wa visiwa hivi yapo ambayo tunayataja hadharani bila ya haya, kama vile malaria, kisukari na shinikizo la damu. Na yapo ambayo mgonjwa huyaficha hata kwa mwenzake wa nyumbani. Sonona imo katika kundi hili la pili. Kwa kuwa maradhi yenyewe yamefichwa, dawa zake nazo humezwa kwa siri na kuachwa kwa siri, na maudhi yake hayaulizwi na mgonjwa wala hayaelezwi na mtoaji. Makala hii inakusudia kuzizungumzia dawa hizo waziwazi: ni za aina gani, zinafanya nini mwilini, zinaudhi vipi, na kwa nini mtu anayepewa bila ya kuelezwa huwa karibu sawa na yule asiyepewa kabisa.

Mwandishi hakuanza kulijua jambo hili vitabuni. Jamaa yetu mmoja wa upande wa mama, mkulima wa mwani, alifiwa na mtoto mchanga. Miezi minne baada ya msiba alikuwa bado halali, hali chakula isipokuwa kwa kubembelezwa, na maji ya bamvua yakitoka wenzake wakienda pwani yeye hubaki ndani ameelekea ukuta. Wengine walisema ana mawazo, wengine wakasema amechezewa. Shangazi yake, ambaye ni mtu wa maneno machache, akamshika mkono akampeleka katika kituo cha afya. Huko alipewa bahasha ya vidonge na kuambiwa ameze kimoja usiku kwa juma la kwanza, kisha viwili. Zaidi ya hayo hakuambiwa neno.

Siku ya tatu kinywa kilimkauka kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito, na choo kikamfunga. Alfajiri moja alipoinuka kwa haraka kwenda kutia udhu, dunia ilimzunguka akaanguka penye ndoo. Huzuni haikupungua hata chembe. Siku ya tisa alivifunga vile vidonge katika kitambaa akaviweka juu ya kabati, akamwambia shangazi yake kwamba dawa ile ilikuwa inammaliza. Majuma matatu baadaye alimwita binti yake mkubwa akaanza kumuusia maneno ya mtu anayeaga. Binti alikuwa na akili ya kutosha kuwaita wakubwa usiku uleule, naye akafikishwa hospitali salama. Ilipoulizwa huko iwapo nyumbani mna dawa yoyote, ndipo tulipokumbuka kitambaa cha juu ya kabati, na daktari akabadilika uso.

Kila alichokiona mama yule, tangu kinywa kikavu mpaka kuanguka alfajiri, kinajulikana na kimeandikwa katika vitabu vya dawa kwa zaidi ya miaka sitini. Dawa haikuwa na kosa, na aliyeiandika hakukosea. Kilichokosekana ni mazungumzo ya dakika tano.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutenganisha huzuni na sonona, maana wapo wanaodhani kila anayelia anahitaji kidonge. Huzuni ya msiba ni haki ya moyo, nayo huwa na mawimbi: leo mtu hulia, kesho hucheka na mjukuu, kesho kutwa hulia tena. Sonona haina mawimbi hayo. Hukaa siku nyingi mfululizo, majuma mawili na zaidi, ikamwondolea mtu ladha ya kila alichokuwa akikipenda. Ikamnyima usingizi au ikamlaza mchana kutwa. Ikampunguza mwili, ikamfanya ajione mzigo kwa watu wake. Hata hivyo, sonona iliyo nyepesi haianzwi na dawa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka ianzwe na mazungumzo yenye utaratibu. Nchini Zimbabwe, daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 kazi ya kuwafundisha wanawake watu wazima wa mitaa ya Harare kukaa na wagonjwa juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuyatatua matatizo yao moja moja, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Wazimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi huku tunasema fulani ana mawazo. Maradhi ni yaleyale.

Lakini sonona iliyo nzito, ile inayomlaza mtu kitandani na kumfanya aitamani mauti, huhitaji dawa pamoja na mazungumzo. Na dawa zenyewe zilipatikana kwa njia ambayo aliyezigundua hakuikusudia.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi. Wagonjwa ambao walikuwa wamekata tamaa ya maisha walianza kuchangamka, wakala kwa hamu, wakapigwa picha magazetini wakicheza katika kumbi za wodi. Wengine walidhani ni furaha ya kupona mapafu. Baadaye, mwaka 1957, daktari Nathan Kline wa nchi hiyohiyo alitoa habari kwamba dawa ile ilikuwa ikiwasaidia hata wagonjwa wa sonona wasio na kifua kikuu. Iproniazidi haikudumu: iliharibu maini ya baadhi ya watu, na ilipofika mwaka 1961 iliondolewa katika soko la Marekani.

Wakati huohuo huko Uswisi, katika hospitali ya kijiji cha Münsterlingen, daktari Roland Kuhn alikuwa akiwapa wagonjwa wake vitu alivyoletewa na kiwanda cha dawa cha Geigy. Kimojawapo, kilichotarajiwa kuwatuliza wenye wazimu, hakikuwatuliza, bali mnamo mwaka 1956 kiliwainua wenye sonona. Kikapewa jina la imipramini, nacho ndicho baba wa kundi zima la dawa za kale ambazo mpaka leo zimo katika makopo ya zahanati zetu. Jina la Kuhn lilitukuzwa kwa muda mrefu. Lakini mwaka 2019 wanahistoria wa nchi yake walitoa kitabu baada ya kuzipekua hati zake, wakaonyesha kwamba kwa miongo kadhaa alijaribu dawa nyingi kwa wagonjwa ambao aghalabu hawakuelezwa wanachomezeshwa. Kwa hivyo desturi ya kumpa mtu wa sonona kidonge bila ya maelezo ni ya zamani sawa na kidonge chenyewe, na tusidhani ni ya zahanati zetu peke yake.

Kundi hili la imipramini huitwa dawa za pete tatu, kwa kuwa umbile lake la kikemia lina pete tatu zilizoungana. Iliyo mashuhuri zaidi kwetu ni amitriptilini, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1961, na iliyomo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Ni rahisi kwa bei, haina shida ya kuhifadhi, na hutumika pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kipandauso. Ndiyo maana utaikuta hata pale ambapo hakuna dawa nyingine ya sonona.

Ubongo hupeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine kwa kutumia wajumbe wa kikemia. Wawili miongoni mwao, serotonini na noradrenalini, huhusika na hali ya moyo. Kwa kawaida mjumbe akishafikisha ujumbe hurudishwa ndani ya seli iliyomtuma. Amitriptilini huuzuia mlango huo wa kurudia, mjumbe akabaki nje muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo kazi inayotakiwa. Shida ni kwamba dawa hii ni kama ufunguo unaoingia katika kufuli nyingi kuliko ile moja iliyokusudiwa. Humzuia pia mjumbe aitwaye asetilikolini, ambaye ndiye anayeamrisha mate yatoke, utumbo usukume na kibofu kikamuke. Hapo kinywa hukauka, choo hufunga, mkojo hugoma, na macho hushindwa kusoma maandishi madogo. Huzuia histamini, na hapo huja usingizi wa mchana na hamu ya kula inayoongeza uzito. Hulegeza mishipa ya damu, hata mtu akiinuka ghafla presha hushuka na kisunzi humwangusha. Yule mama wa mwani hakuwa na udhaifu wowote wa peke yake. Ni hesabu ya dawa iliyokuwa ikitimia.

Kutokana na maelezo haya, mtu yeyote anaweza kuona ni nani asipewe dawa hii bila ya uangalizi mkubwa: mzee mwenye tezi dume ambaye mkojo wake tayari unatoka kwa shida, mwenye presha ya macho, aliyewahi kushikwa na moyo, na bibi ambaye akianguka mara moja ukumbini nyonga yake haitaunga tena. Wengine wengi huweza kuimeza kwa usalama, hasa ikianzwa kwa kiasi kidogo cha miligramu 25 usiku na kuongezwa polepole. Mate huchochewa kwa kunywa maji mara kwa mara na kutafuna kitu kisicho na sukari. Choo hulainishwa kwa matunda na mboga, na papai halitupigi chenga visiwani hapa. Kitandani mtu aketi kwanza, ahesabu mpaka thelathini, ndipo asimame.

Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo halina mzaha. Dawa za pete tatu zikizidi kiasi hushambulia moyo na ubongo, na ni miongoni mwa dawa zinazoua kwa wepesi mtu anapozimeza nyingi kwa pamoja, awe mtoto aliyedhani ni pipi au mgonjwa aliyezidiwa na sonona yenyewe. Hapa pana kinyume cha kutisha: dawa inayopewa mtu anayefikiria kujiua ni ileile inayoweza kumwua. Kwa hiyo mgonjwa aliye katika hali hiyo asikabidhiwe vidonge vya miezi miwili. Apewe vya juma moja au mawili, na avishike mtu mwingine wa nyumbani katika kasha lililofungwa. Anayeshukiwa kumeza kupita kiasi akimbizwe hospitali mara moja, hata kama bado anazungumza na kusema hana kitu, kwa sababu hali hugeuka katika muda wa saa chache.

Kundi la pili la kale ni lile lililotokana na iproniazidi, linalozuia kimeng'enya kinachowavunja wajumbe wa ubongo. Siku hizi halitumiki sana, nasi tutalipita upesi, ila kisa chake kinafurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Uingereza watu waliokuwa wakimeza dawa hizo walianza kupatwa na maumivu makali ya kichwa na presha ya ghafla baada ya kula jibini, na mwaka 1963 daktari kijana Barry Blackwell akaandika juu ya jambo hilo na kuchekwa na baadhi ya wakubwa wake. Ilithibitika kwamba vyakula vilivyochachuka au kukaa siku nyingi vina kitu kiitwacho tiramini, ambacho kwa kawaida huvunjwa tumboni na kimeng'enya kile kilichozuiwa na dawa. Mswahili halijali jibini, lakini samaki waliovundikwa na kuchachushwa nao wamo katika orodha ya vyakula vya kuepukwa.

Sasa tuje kwenye dawa ambazo zimeibadilisha hali ya matibabu duniani. Wataalamu wa kiwanda cha Eli Lilly cha Marekani walitafuta dawa itakayoingia katika kufuli moja tu, yaani kuzuia serotonini peke yake isirudishwe, bila ya kuwagusa sana wale wajumbe wengine. Walipata fluoksetini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ikakubaliwa na Serikali yao mwisho wa mwaka 1987 na kuuzwa kwa jina la Prozac. Si kwamba walikuwa wa kwanza sokoni. Waswidi waliwatangulia kwa dawa yao iitwayo zimelidini mwaka 1982, lakini ilibidi waiondoe mwaka uliofuata kwa kuwa iliwaletea wagonjwa wachache ugonjwa wa kupooza mishipa. Baada ya fluoksetini zimekuja ndugu zake: sertralini, paroksetini, sitalopramu na wengineo. Mwaka 2007 fluoksetini iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ikakaa pamoja na amitriptilini.

Faida yake kubwa ni usalama. Mtu akimeza nyingi, hatari ya kufa ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya amitriptilini, na hii peke yake ingetosha kuwafanya wanaonunua dawa za Serikali waitafakari bei yake kwa jicho jingine. Lakini asidanganywe mtu kwamba haina maudhi. Serotonini nyingi ya mwili haimo kichwani bali imo tumboni, na ndiyo maana majuma ya mwanzo huleta kichefuchefu, kuharisha na kukosa hamu ya kula. Wengine huumwa na kichwa, hutetemeka mikono, hutoka jasho, hukosa usingizi, au huona wasiwasi unaongezeka badala ya kupungua. Humezwa asubuhi baada ya chakula, si usiku. Kwa wazee hupunguza chumvi ya sodiamu katika damu, mzee akachanganyikiwa na watu wakadhani ni uzee umezidi. Tena hupunguza uwezo wa damu kuganda, na hatari hiyo huongezeka kwa anayetumia aspirini au diklofenaki kwa maumivu ya viungo. Na wavuvi na wakulima wetu wangapi hawazitumii? Kwa sitalopramu, wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo mwaka 2011 kwamba isizidi miligramu 40 kwa siku, na 20 kwa aliyepita miaka sitini, kwa sababu ya mapigo ya moyo.

Na lipo lile ambalo hakuna anayelisema. Dawa hizi mara nyingi hupunguza hamu ya tendo la ndoa na huchelewesha au kuzuia utimilifu wake, kwa wanaume na kwa wanawake. Tunaliandika hapa kwa makusudi, kwa kuwa kwa adabu zetu mume hatamwambia muuguzi aliye rika la binti yake, na mke hatamwambia mtu yeyote. Ataacha dawa kimya kimya, na wengi ndivyo walivyoacha. Daktari akiambiwa anaweza kupunguza kiasi au kubadilisha dawa. Haya katika jambo hili haimsaidii mtu.

Nyingine zilizokuja baadaye zatosha kutajwa tu. Venlafaksini na duloksetini huwagusa serotonini na noradrenalini wote wawili, na ya kwanza huweza kupandisha presha. Mirtazapini huleta usingizi na kunenepesha, jambo ambalo kwa mgonjwa aliyekonda na kukesha si baya. Trazodoni nayo hulaza, na kwa wanaume wachache sana husababisha kusimama kusikokoma ambako ni dharura ya hospitali. Bupropioni haiharibu mambo ya unyumba, ila kwa kiasi kikubwa huleta kifafa. Hizi ni nadra kuzipata katika zahanati za shehia.

Je, dawa hizi zinafaa kitu? Swali hili liliulizwa vizuri na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford wakiongozwa na Andrea Cipriani, ambao mwaka 2018 walikusanya majaribio 522 ya dawa 21, yaliyohusisha watu 116,477. Walikuta kwamba kila moja kati ya hizo 21 ilishinda kidonge kitupu kisicho na dawa, ingawa ushindi wenyewe kwa wastani ulikuwa wa kiasi tu, na majaribio mengi yalidumu majuma machache. Mwaka 2022 wenzao wa London, wakiongozwa na Joanna Moncrieff, walionyesha kwamba ile kauli iliyozoeleka, kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, haina ushahidi madhubuti. Wapo walioikamata habari hii na kutangaza kwamba dawa ni uwongo. Sivyo. Panadoli huondoa maumivu ya kichwa, wala hakuna asemaye kwamba kichwa huuma kwa upungufu wa panadoli.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, liko katika kalenda. Maudhi ya dawa hizi huanza siku ya kwanza au ya pili, nayo mengi hupungua baada ya juma moja au mawili. Nafuu, kwa upande wake, huanza kuonekana baina ya juma la pili na la nne, na wakati mwingine hutimia juma la sita. Baina ya hapo pana siku kumi hadi ishirini ambazo mgonjwa analipa bila ya kupokea, na analipa akiwa katika hali ya kukata tamaa. Ukimwambia mapema atavumilia kama anavyovumilia mkulima wa mpunga baina ya kupanda na kuvuna. Usipomwambia ataona kwamba amelishwa sumu.

Majuma hayohayo ya mwanzo ndiyo yanayohitaji macho ya watu wa nyumbani. Mwaka 2004 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru liandikwe onyo zito juu ya dawa zote za sonona, kwamba kwa watoto na vijana huweza kuongeza mawazo ya kujidhuru mwanzoni mwa matibabu, na mwaka 2007 wakaliongeza mpaka umri wa miaka 24. Maana yake si kwamba vijana wanyimwe. Maana yake ni kwamba kijana aliyeanzishwa dawa asiachwe peke yake, na aonekane na mhudumu kila juma. Vilevile, mtu ambaye kwa ghafla halali, anasema upesi upesi, anagawa mali na kujiona ni mfalme, hajapona. Huenda ana maradhi ya hisia za pande mbili ambayo dawa imeyaamsha, na arejeshwe hospitali.

Mtu akipata nafuu asiache. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema aendelee kwa miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya dalili kwisha, kisha ipunguzwe kidogo kidogo kwa muda usiopungua majuma manne. Anayekata ghafla, hasa paroksetini na venlafaksini, hupata kisunzi, kichefuchefu, ndoto za kutisha na mishtuko kichwani mfano wa umeme. Hali hiyo si uraibu wa kutamani dawa kama wanavyotamani watumiaji wa dawa za kulevya, bali ni ubongo uliozoea kitu kikaondolewa kwa mara moja. Fluoksetini huondoka mwilini taratibu, na hivyo kwayo mambo ni mepesi zaidi.

Lakini ni nani anayekata dawa ghafla visiwani? Si mgonjwa peke yake. Kopo linapokwisha katika zahanati na mgonjwa akaambiwa arudi mwisho wa mwezi, ni sisi tuliomkatia. Mtu wa kisiwa kidogo ambaye akiwa na pepo kali za kusi hapati chombo cha kumvusha kwa siku kadhaa, naye hukatiwa. Dawa ya malaria ikikosekana siku tatu kila mtu hupiga kelele, na ni haki. Dawa ya sonona ikikosekana majuma matatu hakuna anayelalamika, kwa sababu waathirika wenyewe wamelala ndani wakielekea ukuta.

Kuna pia jambo la kuchanganya. Tramadoli, ambayo vijana wetu wamejifunza kuinunua vichochoroni na wazee huimeza kwa mgongo, ikikutana na fluoksetini au ndugu zake huweza kuzidisha serotonini mpaka mtu akatetemeka, akapata joto kali na kuchanganyikiwa. Watu wamekufa kwa hali hiyo. Mgonjwa aulizwe dawa zote anazotumia, za dukani na za miti shamba, na aulizwe kwa upole ili aseme kweli.

Kwa upande wa mwezi wa Ramadhani, wengi huacha dawa wakidhani haiwezekani kufunga nao, jambo ambalo halina sababu. Amitriptilini humezwa mara moja usiku, na usiku wa Ramadhani ni mrefu wa kutosha. Fluoksetini humezwa mara moja kwa siku, nayo huweza kuwekwa katika daku. Kinywa kikavu na kisunzi huwa kizito zaidi mchana wa saumu, kwa hiyo maji yanywewe kwa wingi baina ya futari na daku, na mabadiliko ya saa yafanywe kwa kumwuliza mganga kabla ya mwezi kuandama. Ambaye mwili wake haumudu, ruhusa ya mgonjwa kufungua inajulikana na kila mtoto aliyepita chuoni, na sisi tuliopita huko hatuna udhuru wa kuisahau linapokuja suala la maradhi ya moyo uliozama.

Sasa tuwaelekee watendaji. Hatuombi majengo mapya. Tunaomba kwanza fluoksetini ifike zahanati za chini kwa mfululizo, si kopo moja la kuonyeshea wageni. Tunaomba muuguzi wa kituo, ambaye ndiye daktari halisi wa mashamba, apewe mafunzo ya dawa hizi mbili tu, si ya vitabu vizima, na apewe muda wa kusema na mgonjwa hata kama foleni ni ndefu. Na tunaomba lugha. Ndani ya kila boksi la dawa hizi mna karatasi iliyokunjwa mara nane, yenye herufi za mchwa na Kiingereza cha mawakili. Mgonjwa wa zahanati hata hiyo haioni, kwa sababu vidonge vyake huhesabiwa kutoka kwenye kopo na kutiwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa jina lake na 1 x 1. Nyuma ya bahasha ni peupe.

Yule mama wa mwani alipotoka hospitali alibadilishiwa akapewa fluoksetini, na safari hii muuguzi mmoja mtu mzima alimketisha pamoja na shangazi yake. Alimwambia kwamba atachafukwa na tumbo kwa siku kadhaa, kwamba asitarajie nafuu kabla ya juma la tatu, na kwamba bahasha aishike shangazi. Tumbo lilimchafuka kwa siku sita akalivumilia, maana alikuwa amelingojea. Sasa yumo katika mwezi wa saba na anakwenda pwani na wenzake, ingawa si kila bamvua. Mpwa wake, mwanafunzi wa skuli, aliyaandika maneno ya muuguzi kwa kalamu nyuma ya bahasha, na kila mwezi huyanakili katika bahasha mpya: Meza asubuhi baada ya kula. Tumbo litachafuka kwanza, litatulia. Nafuu ni juma la tatu au la nne. Usiache bila ya kuniuliza.